Aliyebaki Jikoni

Queensbury, Jumamosi alasiri

Mwanangu Munira,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda Kingsbury Road kutafuta sanduku jipya, maana lile la zamani zipu yake imegoma. Mmesema mtarudi upesi, lakini nawajua. Mtapita kwa muuza viungo, mama yako atakumbuka ghafla kwamba Uholanzi huenda hakuna bizari ya maana, atakutana na mtu wa Mombasa au wa Kampala, wataulizana habari za wote walio hai na waliokufa, na jua litatua. Kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo.

Ya koti, ya funguo, ya kula na kulala sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena mbele ya treni, nawe utaitikia ndiyo, ndiyo, halafu utafanya utakavyo. Mimi nina swali lako moja ambalo sijalijibu.

Ijumaa ya wiki iliyopita, mezani, uliniuliza: "Baba, umewahi kumwomba shangazi radhi?" Uliuliza kwa Kiswahili. Wewe ambaye tangu shule ya msingi nikikusemesha Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza, swali hilo ulilitafutia maneno yake. Nikasukuma sahani, nikapanda juu. Tangu hapo mimi na wewe tunapishana kwenye ngazi kama wapangaji wawili. Najua unavyodhani. Unadhani bado nina hasira kwamba umekataa udaktari ukachagua afya ya jamii, na kwamba swali lako lilinikuta tayari nimechukia.

Maneno niliyoyasema juu ya masomo yako nayakumbuka yote. Nilikuuliza kama unakwenda Uholanzi kuhesabu mbu. Nilisema mbele ya wageni kwamba binti yangu anataka kuwa mgonga milango mwenye digrii. Wewe ukacheka, ukanijibu kwa upole kwamba daktari anangoja mtu augue, ninyi mnakwenda kabla. "Na mlango ukifungwa?" nikakuuliza. "Tunagonga tena, Baba." Wageni wakakusifu. Mimi nikaenda kutazama bustani, na bustani haikuwa na kitu.

Shangazi yako Kulsum amekusimulia mwaka ule wa Edmonton, tulipokuwa wageni hapa London. Najua, kwa sababu ulipotoka chumbani kwake siku ile ulinitazama kama mtu anayeitazama nyumba aliyowahi kukaa. Lakini yeye anayajua ya jikoni. Ya sebuleni nayajua mimi, na sijapata kuyasema kwa mtu.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Tulikuwa tumekodi nyumba moja ya zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, baridi ikiingia hata kwenye tundu la ufunguo. Babu yako, aliyekuwa na duka la kanga Darajani, Unguja, sasa alikuwa akibeba maboksi kwenye ghala na watu waliomwita kwa jina ambalo si lake. Bibi yako hakuwa na Kiingereza. Shangazi yako alikuwa na cha shule, wala hakuna aliyemwomba akitumie. Mimi nilikuwa kijana wa vitabu, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko koti langu. Basi nikawa mdomo wa nyumba, na baadaye mdomo wa mtaa mzima. Posta ni mimi, shuleni kwa watoto wa watu ni mimi, kwa daktari ni mimi.

Nilijivunia kazi hiyo. Nilidhani naifanya vizuri kwa sababu kila mtu alitoka ameridhika. Siku moja nilimpeleka jirani yetu, mama mtu mzima mwenye asili ya Tanga, kwa daktari. Daktari akataka kujua habari za damu yake, ile ya mambo ya kike. Mimi, kijana niliyelelewa kushusha macho mbele ya mama wa watu, nitamwulizaje? Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, mgongo unakuuma?" Akasema unamuuma. Nikamwambia daktari, kuhusu hilo anasema hana tatizo. Tukaagana wote watatu tumefurahi. Yule mama alihamia Birmingham mwaka uliofuata, na sikupata habari zake tena. Sijui alikuwa na nini. Mara nyingine naamka na swali hilo la daktari liko mdomoni, nimelitafsiri vizuri kabisa.

Ndivyo nilivyokuwa. Hakuna aliyenifundisha kudanganya. Nilifundishwa adabu, na niliitumia mahali pasipo pake.

Babu yako alianza kukohoa mwanzo wa majira ya baridi. Kila ugonjwa wa mwaka ule tuliuita baridi, kwa hiyo kikohozi hicho nacho kilikuwa baridi. Bibi yako alimsugua kifua kwa mafuta ya karafuu, akamnywesha tangawizi na asali. Lakini aliyekaa naye ni Kulsum. Kitanda chake kilikuwa chumba kimoja na cha Babu, nyuma ya pazia, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuamka. Yeye ndiye aliyemshika mgongo akikohoa, yeye ndiye aliyefua leso. Hata Babu alipolazwa, na hospitali wakatuambia ni kifua kikuu, Kulsum alibaki akifua mashuka yake na kuyaanika jikoni.

Wakati huohuo tulikuwa na jambo jingine. Kulikuwa na familia ya watu wa Kisumu waliohamia Leicester. Kijana wao alikuwa fundi wa saa, mpole, msomaji, naye alikuwa amemwona Kulsum kwenye harusi ya watu akampenda. Baada ya Idi walikuwa waje kuleta pete. Munira, sijui kama utaweza kuliona hili kwa macho yetu ya wakati ule. Kwetu, nyumba ikishasemwa kwamba ina kifua, wasichana wa nyumba hiyo hawaulizwi tena. Wala huambiwi kitu usoni. Watu wanakuwa na udhuru tu. Babu tulimtangaza kwa majirani kwamba ana vidonda vya tumbo.

Nesi alikuja mchana. Alikuwa mama wa Kiayalandi, mnene kidogo, mvua imemlowesha mabega. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye nyumba za wagonjwa na kuuliza nani alikuwa karibu nao, ili wote wapigwe picha ya kifua. Bibi yako alipomwona mlangoni alifanya analolijua kufanya mgeni akifika. Alimvua koti, akamkalisha karibu na hita ya mafuta ya taa, akapaza sauti jikoni chai iletwe. Aliyekuwa jikoni ni Kulsum. Msichana anayeposwa hatoki mbele ya mgeni asiyejulikana, basi bajia zilipokuwa tayari aligonga mlango kwa kijiko, nami nikaenda kupokea sinia.

Nesi akala. Alikuwa na njaa, masikini, alikuwa akitembea tangu asubuhi. "Nzuri sana hizi," akasema. "Nani kapika?"

"Mama," nikajibu. Hata sijui kwa nini. Lilitoka lenyewe.

Akaweka kikombe chini. "Sasa niambie. Kabla baba yako hajalazwa, nani walikuwa wakilala nyumba hii? Nani alikuwa akimhudumia?" Akanyoosha vidole. "Mama yako. Wewe. Nani mwingine?"

Bibi yako Kiingereza hakukijua lakini vidole alivielewa. Alikuwa ameshika birika. Uso haukubadilika hata kidogo, na kwa sauti ileile ya kumkaribisha mtu sukari akasema, "Kulsum usimtie."

"Mama, huyu ni nesi tu."

"Leo nesi. Kesho gari la hospitali liko mlangoni, keshokutwa Leicester wamejua. Usimtie, mwanangu. Ninakuomba."

"Mama anasemaje?" nesi akauliza.

"Anauliza kama utaongeza chai."

"Ah, ahsante. Nusu kikombe."

Bibi yako akammiminia, akatabasamu. Nami nikasema, "Mwingine hakuna. Nina dada, lakini anakaa kwa jamaa zetu, mbali."

Jikoni kulikuwa na sauti ya sufuria inakwanguliwa. Ikakoma.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni Bibi yako. Yeye ndiye aliyeomba, mimi nilitii mama yangu, na mtoto akimtii mama ana kosa gani? Nililisimamisha jambo hili hivyo likasimama muda mrefu. Hata tulipomzika niliona kama ameondoka nalo. Lakini Bibi yako hakujua kifua kinavyoambukiza. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekwenda maktaba siku ileile tuliyoambiwa, nikasoma kurasa zote. Nilijua pazia halizuii kitu. Na Kiingereza kilikuwa mdomoni mwangu, si mwake. Ningeweza kumtaja Kulsum kwa uso uleule wa kumkaribisha mtu chai, na Bibi yako asingejua mpaka nesi ameondoka.

Sisi wengine tukaenda kupigwa picha. Tulionekana salama. Kulsum akabaki nyumbani kupika.

Yaliyofuata yananiuma kwa namna yake, kwa sababu tuliyafurahia. Kulsum alianza kukonda. Wanawake waliokuja kumtazama walisema bi harusi ameanza kuona haya, chakula hakipiti. Jioni mashavu yake yalikuwa mekundu, na macho yanang'aa. "Mashaallah, kapendeza," walisema, "uzuri umemshukia." Fundi wa nguo alipunguza gauni lake, akalipunguza tena. Na mimi, niliyesoma kurasa zote, nilimtazama dada yangu akipendeza, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema sasa watauliza kwa nini sikusema mwanzo. Kumbuka hili kuliko yote ukikutana na watu kama mimi. Uongo wa kwanza niliusema kwa ajili ya Kulsum. Uliobaki niliusema kwa ajili yangu.

Alianguka kituo cha basi, na damu mdomoni. Mengine amekusimulia, ya hospitali na miezi yake, na pafu moja ambalo halikurudi kuwa pafu.

Mama wa mchumba alikuja kutoka Leicester na mumewe. Nilitegemea udhuru, kwamba kijana amepata kazi mbali, au amechaguliwa binamu. Yule mama alikaa kwenye kiti kilekile cha nesi, akakataa chai, akamwambia Bibi yako: "Mama Kulsum, kwetu Kisumu huyu mume wangu mwenyewe alilala na kifua mwaka mzima. Ulidhani sisi ni watu gani? Kijana angengoja. Hata miaka miwili angengoja."

"Basi angoje," Bibi yako akasema.

"Sasa hapana. Mlimleta binti kwenye nyumba yangu, akambusu mjukuu wangu mchanga, na ninyi mnajua. Nitakaa na ninyi vipi?"

Mjukuu hakupata kitu, walikwenda kumpima.

Na nesi alirudi, kwa sababu sasa ilibidi aanze kuuliza upya. Nilimfungulia mlango nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alisimama ukumbini na koti lake, akaniuliza, "Ningekuuliza vipi siku ile, hata ungeniambia?"

Alitaka kujua kweli. Alikuwa na nyumba nyingine mtaa uleule za kwenda siku hiyo. Na mimi, mdomo wa mtaa mzima, nikasema sijui.

Nimelifikiri swali hilo muda mrefu kuliko jambo lolote maishani mwangu. Huko uendako watakufundisha kwamba kuna jamii ngumu kufikiwa. Nimeliona neno hilo kwenye vile vitabu vyako ulivyoacha mezani. Munira, sisi tulifikiwa. Nesi alikuwa amekaa sebuleni, anakula. Alikosa kujua tu kwamba kijana anayemjibu alikuwa na mtu aliyetaka kumlinda, na kwamba kumlinda kwenyewe ndiko kulikomwumiza. Pengine angeuliza tunaogopa nini kabla ya kuuliza tuko wangapi. Pengine angeomba kwenda jikoni kumshukuru mpishi, mwanamke kwa mwanamke, bila mimi katikati. Pengine angekuja na mtu asiye wa nyumba, anayejua lugha yetu na asiyekuwa na dada wa kuozesha. Na pengine bado ningedanganya. Sitaki nikupe dawa nisiyoijua. Nataka tu ukiwa nje ya mlango wa mtu ujue kwamba anayekudanganya si lazima awe mjinga, wala hakuchukii. Huenda amesoma kurasa zote.

Sasa unajua kwa nini nilikutania mbele ya wageni. Wewe ulipochagua kazi hii nilimwona yule nesi, mabega yamelowa, ila uso ni wako. Nikaona siku moja utakaa sebuleni kwa mtu kama mimi, atakuletea sinia, atakutazama machoni na kukwambia mwingine hakuna. Na nikaona utajifunza darasani jina la nilichokifanya, pamoja na hesabu zake. Udaktari ungenifaa zaidi. Daktari angekutana na Kulsum akiwa tayari mgonjwa, asiniulize mimi chochote. Niliita mapenzi jambo ambalo lilikuwa kujificha, na nilikufanya uone aibu kidogo kwa kitu unachokipenda. Hilo nalijutia peke yake, mbali na yale mengine.

Kulsum hakuolewa. Unamjua kwa namna nisivyomjua mimi, yeye ndiye aliyekulea mama yako alipokuwa kazini. Unajua kwamba tukipanda mlima kwenda stesheni anasimama mara kwa mara kutazama maua kwenye bustani za watu. Hapendi maua, Munira. Hajawahi kupanda hata moja. Nami miaka yote nimesimama naye nikiyasifu hayo maua.

Niliweka kalamu hapa. Sasa nimerudi.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Alikuwa akipiga pasi mashati yako.

"Chai iko kwenye chupa," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sikuja kwa chai."

"Mtu akinijia na sura hiyo ama kuna aliyekufa ama kapoteza miwani."

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Ya Edmonton. Ya siku ya nesi. Aliendelea na kola, akaligeuza shati, akanyoosha mkono mmoja, kisha wa pili.

"Munira kakutuma?"

"Kaniuliza. Hakunituma."

"Ni hilohilo." Akainua pasi akaisimamisha. "Nilikuwa nikifikiri siku ukija utasema ni mama."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Kiingereza nilikuwa nakisikia." Akapumua kidogo, unajua anavyopumua. "Nilingoja ugeuke useme, ah, kumbe nimesahau, na dada yangu. Nilishika kitasa. Nikasema akinitaja tu, natoka. Mpaka yule mama akavaa koti lake, nilikuwa bado nimekishika."

Nikachukua shati alilolimaliza, nikalikunja.

"Sikupi leo," akasema. "Leo moyo umelainika, mtoto anasafiri, naweza kumsamehe hata mwizi. Nikikupa leo nitakuwa nimempa yeye. Tumsindikize kwanza. Tukirudi, nyumba ikiwa kimya, uniombe tena. Hapo nitajua nina nini."

"Na ukikuta huna?"

"Utaniomba keshokutwa. Unakwenda wapi wewe? Umestaafu." Akachukua shati jingine. "Sasa toka, unanizibia mwanga."

Basi jibu la swali lako ndilo hilo. Nimeomba, leo, na sijapewa. Usimwulize, wala usimbembeleze kwa ajili yangu. Hilo ni lake, na kwa muda mrefu sana nimekuwa nikimjibia.

Radhi yangu mimi kwako unayo, yote, pamoja na masomo yako na milango yako. Ungekuwa nayo hata ungekwenda kuhesabu mbu. Kesho stesheni usinitazame sana usoni ukitafuta kama nimepewa au sijapewa. Panda, tafuta kiti chako, mpungie mkono mama yako, maana atalia. Treni ikishaondoka mimi nina njia yangu ya kurudi Queensbury, na mwisho wa njia hiyo kuna mtu wa kumwomba. Niombee nisije nikaanza kuzungumza habari nyingine.

Baba yako